Kosa la Karani Katika Hati ya Shamba

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi la wafanyakazi wa reli



Kamati ya tawi imetupa sisi wa karakana nafasi ya kusema leo juu ya jambo ambalo si la mshahara, wala si la saa za kazi. Ni juu ya ile karatasi ambayo kila mmoja wetu ameificha nyumbani katika sanduku, nayo ni hati ya shamba. Twataka kuwaeleza habari za makosa ya makarani yaliyomo katika hati hizo, na jinsi yanavyosahihishwa kwa njia ya haki.

Labda wako watakaouliza, hati za mashamba zina nini na chama cha wafanyakazi? Tutawajibu. Mfanyakazi wa reli hulala miaka thelathini katika nyumba ambayo si yake. Siku ya kustaafu anairudisha, anapakia vyombo vyake, anakwenda nyumbani. Kama nyumbani huko shamba limeandikwa kwa jina ambalo si lake, basi miaka yote thelathini ameitumikia bure. Tena wengi wetu hatukuwapo siku shamba lilipoandikwa. Maafisa walipofika kijijini na ramani zao, sisi tulikuwa Mtito Andei, au Voi, au Nakuru, tukifanya kazi. Aliyesimama mbele ya karani ni kaka, au mama, au jirani. Karani aliuliza, akajibiwa, akaandika kama alivyosikia. Hapo ndipo makosa mengi yalipozaliwa.

Ndugu zetu, mwaka 2016 alifariki mwenzetu mmoja wa genge la njia. Alikuwa mtu mwangalifu, asiyekosa mkutano. Hati yake aliipokea mwaka 1998, akaitia katika sanduku la bati, akafunga kufuli. Kwa miaka kumi na minane hakuifungua kuisoma. Alipokufa mjane wake akaipeleka kortini ili urithi ugawanywe, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba karani aliandika majina mawili tu, akaacha lile la tatu, yaani jina la baba. Na katika nambari ya kitambulisho, tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana mahali.

Hayo ni makosa madogo, sivyo? Lakini mtoto wa baba yake mdogo alikuwa na majina yayo hayo mawili. Akasimama akasema, "Shamba hili ni langu. Tazameni jina." Chifu aliyejua habari alikuwa amekwisha kufa. Jirani wa mpaka wa juu alikuwa amehama. Mama yule aliyelima pale tangu aolewe akawa kama mgeni katika shamba lake mwenyewe. Shauri lilichukua miaka minne, na ng'ombe watatu waliuzwa.

Nini kilichomwokoa? Ni karatasi. Marehemu alikuwa ameweka stakabadhi ya ada aliyolipa alipochukua hati, nayo ilikuwa na majina yake yote matatu. Na katibu wetu alipata nakala ya karatasi yake ya kuandikwa kazi, yenye nambari ya kitambulisho. Ilipolinganishwa na ile ya daftari, tarakimu zote zilikuwa zile zile, isipokuwa mbili zilizopishana. Hakimu akaona, akaamuru daftari lisahihishwe. Tulifurahi, lakini furaha yetu ilikuwa na uchungu, maana kazi iliyomchukua mama yule miaka minne, mumewe angaliweza kuimaliza akiwa hai kwa maombi ya maandishi, hati ya kiapo, na kitambulisho chake mkononi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na sisi twaongeza kwamba hata mali yenye daftari yaweza kupotea, kama mwenyewe halisomi daftari hilo.

Sasa tuelewe kwanza jambo moja lililo kubwa kuliko yote. Ile karatasi iliyo sandukuni mwako si daftari. Ni ushahidi wa yale yaliyomo katika daftari la Msajili wa Ardhi. Sheria ya Kusajili Ardhi ya mwaka 2012 inasema wazi kwamba shamba linafuata yote yaliyoandikwa katika daftari, hata kama hayakuonyeshwa katika hati. Kwa hiyo ukiona kosa katika hati, swali la kwanza ni hili: kosa liko wapi? Liko katika karatasi tu, au liko katika daftari lenyewe?

Kujua hayo si vigumu. Nenda katika afisi ya ardhi inayoshughulikia mahali shamba lilipo, uombe kutafutiwa habari rasmi za shamba hilo. Watu wengi huita jambo hili kufanya sachi. Utalipa ada na kupewa cheti chenye mhuri kinachosema mwenye shamba ni nani, ukubwa wake ni kiasi gani, na kama kuna deni au zuio. Kama shaka ingali iko, omba nakala iliyothibitishwa ya ile kadi ya kijani, ambayo ndiyo kumbukumbu yenyewe ya shamba tangu lilipoandikwa. Weka karatasi hizo kando ya hati yako, usome neno kwa neno, tarakimu kwa tarakimu.

Pili, twawasihi sana: msiguse hati kwa kalamu. Mwenzetu mmoja, ambaye yu hai na ametupa ruhusa kusema habari zake bila jina, aliona herufi moja imekosewa katika jina lake. Akachukua wembe, akakwangua, akaandika herufi ya haki. Alikuwa na nia njema kabisa. Alipoipeleka hati benki ili akope karo ya binti yake, afisa aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaona mahali palipokwanguliwa, akamrudishia bila neno. Mkopo ukakosekana, na binti akakaa nyumbani muhula mzima. Ilimbidi baba yake aeleze kwa kiapo mambo ambayo hayangalihitaji kuelezwa. Na ana bahati yaliishia hapo. Sheria ya Adhabu ya Kenya inahesabu kughushi hati ya ardhi kuwa kosa zito mno, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Utamwonyeshaje polisi kwamba wembe wako ulikuwa wembe wa haki?

Sisi wa reli tungepaswa kulijua hili kuliko watu wengine. Katika daftari la treni la stesheni, mtu akikosea saa haruhusiwi kufuta. Anapiga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, anaandika iliyo sahihi, anatia sahihi yake. Kwa nini? Kwa sababu atakayekuja kuuliza baadaye ataka kujua nani alibadilisha, na kwa mamlaka gani. Daftari la ardhi ni vivyo hivyo. Kosa halifutwi na mwenye shamba. Linasahihishwa na yule aliyepewa mamlaka, naye huacha alama ya kazi yake.

Tatu, yatupasa kujua kwamba makosa si ya namna moja. Kila namna ina mlango wake, na ukibisha mlango usio wake utapoteza nauli na siku za likizo.

Namna ya kwanza ni kosa la mwandiko tu, lisilogusa haki ya mtu mwingine. Hapa ndipo yalipo majina yetu. Baba alibatizwa Yohana, karani akaandika Johana, kitambulisho kinasema John. Au majina yamepinduliwa, la mwisho likawa la kwanza. Au nambari ya kitambulisho imekosewa, au sanduku la posta. Sheria ile ya mwaka 2012, katika kifungu cha 79, yampa Msajili mwenyewe uwezo wa kusahihisha makosa kama haya bila kwenda kortini, mwenye shamba akiomba kwa maandishi katika fomu iliyowekwa. Kwa kawaida utatakiwa kuleta hati ya asili, kitambulisho, na hati ya kiapo uliyoapa mbele ya kamishna wa viapo, kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Lakini angalieni: kama jina lako umelibadilisha mwenyewe baadaye, hilo si kosa la karani. Ni mabadiliko ya jina, nayo yana hati yake ya kisheria inayotengenezwa na wakili. Usiape kwamba karani alikosea ambapo hakukosea.

Namna ya pili ni kosa la kipimo. Hati huandika ukubwa kwa hekta, na hekta moja ni karibu eka mbili na nusu. Shamba la hekta 0.81 ni eka mbili. Karani akiandika 0.18, umebaki na chini ya nusu eka, na wewe hukuona kwa sababu ulitazama jina tu. Kosa la namna hii huanza kwa mpima wa ardhi na ramani. Likionekana baada ya kupima tena, Msajili aweza kulisahihisha, lakini sharti kwanza awape taarifa ya maandishi wote wenye haki katika jambo hilo. Hapa twawaomba msikasirike ovyo. Mashamba yetu mengi hayana mipaka iliyopimwa kwa mawe. Mipaka yake ni ua na miti, na sheria inasema kwamba ramani yake yaonyesha mpaka kwa makadirio. Ukipima kwa kamba ukapata hatua mbili pungufu, huenda karani hakukosea. Na kama ugomvi wenu ni wa mpaka, korti haitausikiliza kabla Msajili hajaamua mpaka uko wapi. Wengi wametupa fedha kwa mawakili kwa kutojua hili.

Namna ya tatu ni kosa linalogusa haki ya mtu mwingine. Shamba la baba limegawanywa, ndugu wawili wamejenga, kisha hati zinapotoka, nambari ya huyu imeandikwa kwa yule. Kila mmoja anakaa juu ya shamba la mwenzake. Maadamu wapatana, mlango haujafungwa, kwa maana Msajili aweza kusahihisha wakati wo wote kwa kibali cha wote wanaohusika. Lakini mmoja akikataa, au mmoja akifa na wanawe wakaona kwamba upande wa pili una maji na barabara, hapo mtakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mahakama ina uwezo wa kufuta au kubadilisha lililoandikwa, ikiridhika kwamba liliandikwa kwa udanganyifu au kwa kosa. Ukiona hakuna mapatano, na una haki unayodai juu ya shamba, omba upesi zuio liandikwe katika daftari, ili shamba lisiuzwe huku mwabishana.

Haraka hiyo ina sababu. Sheria yamlinda mtu aliyeandikwa kuwa mwenye shamba ikiwa hakujua kosa, wala hakulisababisha kwa tendo lake au uzembe wake. Yaani kama shamba lako limeandikwa kwa jina la mwingine, naye akaliuza kwa mtu asiyejua habari, kulirudisha kwaweza kuwa kazi ngumu mno. Hapo wa kulaumiwa si karani peke yake. Ni wewe pia uliyenyamaza.

Wazee wetu hapa wakumbuka mambo yalikuwa magumu zaidi zamani. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, mashamba ya upande wa Mlima Kenya yaliunganishwa na kuandikwa huku wenyewe wengi wakiwa kizuizini. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1963 ya ardhi iliyosajiliwa, iliyosema korti haiwezi kubadilisha maandiko ya kwanza kabisa ya shamba, hata kama yalipatikana kwa kosa au kwa udanganyifu. Watu wengi walilia na mlango ulikuwa umepigwa misumari. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 2012, na sheria mpya haikuweka msumari ule. Na ile sheria ya mwaka 1968, ya kukata mashauri ya ardhi na kuandika wenyewe, inampa kila mtu siku 60 tangu tangazo la kumalizika kwa daftari, apinge kwa maandishi lo lote lisilo sahihi. Siku 60 hizo ndizo rahisi kuliko zote zitakazofuata. Ndugu mwenye shamba katika eneo ambalo kazi hiyo ingali yaendelea, omba ruhusa kazini, nenda ukasome jina lako kwa macho yako. Usimtume mtu.

Liko jambo jingine jipya. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 Serikali ilizindua Ardhisasa, mtambo wa kuweka daftari za ardhi katika kompyuta, ukianzia Nairobi. Ni jambo jema, maana faili iliyoliwa na panya haitaponya mtu. Lakini kila mahali panaponakiliwa maandishi, kosa la zamani hunakiliwa pamoja, na jipya laweza kuingia. Kwa hiyo hata aliyeona hati yake ni safi miaka kumi iliyopita, na atazame tena.

Basi, tufanye nini? Sisi wa karakana tumekubaliana mambo manne, na twaomba tawi zima litufuate.

La kwanza, kila mwanachama afungue sanduku lake mwezi huu, asome hati yake yote, pamoja na mke wake au mume wake na mtoto mmoja aliye mkubwa. Someni jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya shamba, na ukubwa. Asiyejua kusoma vizuri asione haya. Watu watatu wa kamati watakuwa hapa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nao watasoma pamoja naye.

La pili, kamati haitapokea wala kukaa na hati ya mtu ye yote. Utakuja nayo, utaondoka nayo. Acheni nakala tu. Mtu akikuambia, "Niachie hati, najua mtu ndani ya afisi," jua kwamba huenda ukaipoteza hati na fedha pamoja. Lipeni ada iliyoandikwa, mpewe stakabadhi, na stakabadhi mziweke. Mmesikia jinsi karatasi moja ilivyomwokoa mjane.

La tatu, anayekuta kosa asingoje. Aandike barua, aweke nakala yenye mhuri wa kupokelewa, aandike tarehe ya kila safari aliyofanya. Akiona hakutendewa haki katika uamuzi wa Msajili, sheria yamruhusu kwenda kortini, na barua hizo ndizo zitakazomsemea.

La nne ni kwa wale ambao hati zao zingali kwa majina ya baba au babu waliokufa. Hilo si kosa la karani, wala hati ya kiapo haitoshi. Ni urithi, nao una njia yake kortini. Lakini nalo lina makosa yake ya mwandiko: kama cheti cha kusimamia mali ya marehemu kimekosea jina, kifungu cha 74 cha Sheria ya Urithi chairuhusu korti kulisahihisha. Ombeni lisahihishwe kabla hamjafika kwa Msajili, kwa maana majina yasipolingana mtarudishwa.

Ndugu zetu, hatukuja hapa kuwalaumu makarani wote. Karani naye ni mfanyakazi kama sisi. Alikaa chini ya mti akiandika majina mia kwa siku, katika lugha ambayo pengine haikuwa yake, jua likimchoma. Sisi wenyewe mara ngapi tumeandika nambari ya behewa vibaya, na saruji ya Kisumu ikaenda Nanyuki? Behewa lilirudi kwa sababu mwenye mzigo aliuliza siku ile ile. Shamba nalo lahitaji mwenyewe wa kuuliza, na wakati wa kuuliza ni sasa, nguvu zikiwapo, mashahidi wakiwa hai, na sahihi yako ingali yaweza kutiwa kwa mkono wako.

Mjane yule wa mwenzetu alituomba tuseme neno moja kwa ajili yake. Alisema, "Mume wangu alinunua kufuli nzuri kwa hati ile. Ningependa angalinunua miwani." Tumelifikisha.

Tumemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Walio na maswali na waulize. Umoja ni nguvu.